Askari Mwenye Shungi Jeupe

Jumanne, 3 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Ninaandika huku Bosi kanilalia kifuani, kwa hiyo ukiona mstari umepanda kama ngazi ujue ni yeye kajigeuza. Hatujambo. Usingizi ndio sina, lakini huo tuliagana nao siku aliyozaliwa. Ulisema mambo ya ukoo yasizungumzwe kwenye simu, maana kila ukinipigia inaishia mtoto analia na wewe unasema haloo, haloo. Basi nimetii, hii hapa barua.

Nimefika ulikonituma, kwenye lile jengo wanakotunza kumbukumbu za jeshi la zamani. Nilikwenda asubuhi kabla ya zamu yangu ya cherehani. Mlangoni wanakunyang'anya kalamu ya wino, wanakupa penseli. Kuhusu mtoto mgongoni hawakuwa na kanuni, wakabaki kutazamana. Mwisho mama mtunza nyaraka, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akasema aingie, ila akilia mara moja wote wawili tuko nje. Nikamnyonyesha kwenye korido mpaka akalewa.

Nikamweleza yule mama kwamba namtafuta baba yake bibi yangu, aliyechukuliwa kwenye vita vile vikubwa na hakurudi, kama tulivyoambiwa sote tangu utotoni. Namba yake ya jeshi sina. Nina jina na wilaya tu. Akasema bila namba kazi hii ni ya kumenya vitunguu, nijiandae kulia.

Nimempata, Baba Mkubwa. Jina ni lake, wilaya ni yetu. Kadi inasema aliuawa mstari wa mbele, siku ya pili ya mapigano, miaka miwili kabla ya vita kwisha. Nilidhani nitafurahi. Nikajikuta nimembana Bosi mpaka kaamka, na tukatolewa nje kama tulivyoahidiwa.

Nitarudi kuchukua nakala yenye muhuri, ile ambayo kamati yenu ya ukuta wa majina inaitaka. Nisalimie Bibi. Usimwambie kwanza, nataka nimwambie mwenyewe.

Mwanao,
Mama Bosi


Jumapili, 8 Machi

Mama Bosi mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta dukani napima misumari. Mteja alitaka ya mbao akaondoka na ya bati, na mimi nikamwambia karibu tena.

Nilifunga duka mapema nikaenda kwenye kikao cha kamati ya ukuta. Mwenyekiti wetu ni yule mwenye kinu cha kusagia, unamjua. Tangu tuanze habari ya kujenga ukuta wa majina ya wote waliokufa vita ile, hana wimbo mwingine ila babu yake. Babu yake alipigana hivi, babu yake alianguka vile. Kisha ananigeukia mbele ya watu: na nyinyi wa duka la misumari, mlimpeleka nani? Miezi yote hii nimekuwa nikikohoa tu. Safari hii nikamwambia sisi tulimpeleka aliyekufa siku ya pili, babu yako akiwa bado anafunga viatu. Kikao kizima kilicheka, na yeye akalazimika kucheka.

Wamenipa nafasi ya kuzungumza siku ya uzinduzi. Mimi, mwanangu. Ukoo huu umekaa viti vya nyuma kwenye kila shughuli ya mji huu. Sisi ndio tunaoazimwa majembe na ngazi, lakini kusimama mbele tukasikilizwa, hapana. Marehemu baba yako angekuwa hai angenishonea suti.

Fundi wa mawe anaanza kuchonga majina tarehe kumi mwezi wa nne. Bila nakala yenye muhuri jina halichongwi. Fanya haraka.

Bibi yako sijamwambia. Ila ameniuliza kwa nini siku hizi napiga mluzi.

Baba Mkubwa wako


Jumanne, 17 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Kaa kwanza, halafu usome. Kama uko dukani, ngoja ufunge.

Nimerudi kule kuomba muhuri. Mama mtunza nyaraka akasema hagongi muhuri kwa jina peke yake. Jina, kasema, ni nguo ya dukani, watu wengi huivaa. Utaratibu wao ni kulinganisha kadi ya mwisho ya askari na karatasi aliyojaziwa siku ya kwanza, siku alipopimwa urefu na kifua na kukaguliwa alama za mwili kama ng'ombe wa mnadani. Akaniletea karatasi mbili. Watu wawili wa jina moja, wilaya moja, walichukuliwa mwezi mmoja.

Wa kwanza ndiye yule aliyeuawa. Mfupi, ana kovu gotini, basi.

Wa pili ni mrefu. Kwenye sehemu ya alama wameandika hivi: shungi la nywele nyeupe juu ya paji la uso, upande wa kulia, tangu kuzaliwa.

Bosi nilikuwa nimemvua kofia kwa ajili ya joto. Yule mama alisoma, akainua macho, akamtazama mtoto kichwani, akanitazama na mimi. Aliigeuza tu karatasi nijisomee.

Sina haja ya kukueleza habari ya shungi hilo. Bibi analo. Marehemu baba alikuwa nalo. Mimi ninalo. Bosi alizaliwa nalo, na mkunga alilipangusa mara tatu akidhani ni povu la sabuni. Na wewe unanyoa kila asubuhi ukidhani hatujui.

Sasa ndiyo sehemu ngumu. Kadi ya mwisho ya huyu wa pili haisemi aliuawa. Inasema alitumwa kuni nje ya kambi, hakurudi, na msako haukumpata. Chini yake wameandika neno moja kwa herufi kubwa: mtoro.

Huyo ndiye wetu. Yule shujaa si wetu, ni wa watu wengine. Nakala yake sikuigongesha muhuri. Najua umeshasimama mbele za watu, na najua nimekuumiza. Samahani kwa maumivu. Kwa kuiona kweli siombi samahani.

Mama Bosi


Jumamosi, 21 Machi

Mama Bosi,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimesimama.

Nywele ni nywele. Duniani kuna watu wangapi wenye doa kichwani? Yule karani aliyejaza karatasi, unajua alikuwa amekunywa nini asubuhi ile? Kadi ya kwanza ina jina la babu yangu, ina wilaya yetu. Inatosha. Gongesha muhuri uilete. Hakuna atakayekuja na kamba kumpima marehemu urefu.

Unajua maana ya mtoro katika mji huu? Hujui, kwa sababu ulikua wakati watu wameshachoka kusemana. Mimi nimekua nikisikia. Kuna nyumba hapa hadi leo zikitajwa watu wanavuta midomo, kwa ajili ya babu aliyeacha wenzake porini. Mwenye kinu akilipata hilo, sitauza hata bawaba. Kila atakayekuja dukani ataniuliza kama mizani yangu nayo hutoroka.

Mdogo wangu alipofariki nilikuchukua ukiwa na mkoba wa shule na tetekuwanga usoni. Nilikulea, sikutoa hesabu na sitatoa leo. Lakini sikukulea uje univue nguo hadharani. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo huu. Nimeamua: babu yetu ni yule aliyeuawa siku ya pili.

Bibi yako usimguse na jambo hili. Presha yake ilipanda wiki iliyopita kwa sababu ya kuku tu.

Nakala iwe hapa kabla ya tarehe kumi.

Baba Mkubwa


Ijumaa, 27 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Umenilea, na sijasahau hata siku moja. Ulinilea nisichukue kitu cha mtu. Niliporudi na kifutio cha mwenzangu ulinitembeza mpaka kwao, jioni, mvua inanyesha, nikakirudishe kwa mkono wangu. Leo unaniambia nichukue maiti ya watu.

Yule mfupi mwenye kovu gotini ana wajukuu mahali. Labda na wao wanamtafuta, labda wana penseli mkononi saa hii. Tukimchonga kwenye ukuta kama wetu, siku wakija wataambiwa mzee wenu ameshachukuliwa. Mimi siwezi.

Lakini hata hilo tuliweke kando. Kuna jambo wewe hukuliona, na mimi sikuliona mara ya kwanza kwa sababu ya furaha. Tazama tarehe. Aliuawa miaka miwili kabla ya vita kwisha. Bibi kazaliwa mwaka vita vilipokwisha, mji mzima unajua, kila mwaka anautaja yeye mwenyewe. Wewe ni mtu wa mizani, basi pima na hili. Ukisimama jukwaani ukasema huyo ndiye baba wa mama yako, utakuwa umetangaza kwa kipaza sauti kwamba bibi yako alizaa na mtu mwingine mumewe akiwa kaburini, na kwamba mama yako hana baba. Mwenye kinu atakuwa ameshalijumlisha kabla hujashuka ngazi.

Yule wa kuni alitoroka mwaka mmoja kabla Bibi hajazaliwa. Huyo ndiye aliyekuja nyumbani. Waliokuja kumchukua hawakumwuliza kama anataka. Na yeye alipoondoka hakuwauliza. Wewe unaona aibu, mimi nikiandika haya nacheka peke yangu usiku huu. Wewe, marehemu baba, mimi, na huyu anayenikojolea pajani muda huu, sote tumetokana na safari ile ya kuni. Angekuwa mtiifu tusingekuwepo wa kuoneana haya.

Nakala ya shujaa sileti. Unaweza kunikataza kuja nyumbani, nitakubali, nitakaa huku. Lakini muhuri huo hautagongwa kwa mkono wangu.

Na nimemwandikia Bibi. Nimempelekea nakala za kadi zote mbili. Huyo ni baba yake kabla hajawa babu yako. Presha yake naijua, na namjua na yeye. Ukikasirika, unikasirikie mimi.

Mama Bosi


Jumapili, 5 Aprili

Mjukuu wangu,

Mwandiko wangu unatetemeka, uvumilie. Nimekataa kuandikiwa na mtu.

Nimezisoma kadi. Ile ya kwanza nimeiweka mbali, Mungu amrehemu aliyemo. Ile ya pili nimeilalia chini ya mto siku tatu.

Hukujua, na baba yako mkubwa hajui, kwa sababu sikumwambia mtu yeyote. Kwetu kulikuwa na mwanaume tukimwita Mjomba Kofia. Alikaa chumba cha uani. Mama alituambia ni kaka yake wa mbali, kaja kusaidia kazi kwa sababu baba kafia vitani. Kazi yake ilikuwa kuezeka nyumba za watu. Mvua, jua, ndani, nje, kofia haikumtoka. Watoto wa jirani walisema ana pembe.

Askari walikuwa wakija kuulizia watoro. Mama alinisimulia mwenyewe hili, akidhani ananifundisha ujasiri tu. Walimkuta anafua. Wakamwuliza mume wako yuko wapi? Akawaambia, "Mlimchukua nyinyi, mzima, na viatu vyake. Nami namtaka. Nirudishieni." Wakaondoka wameinamisha vichwa. Kofia wakati huo alikuwa juu ya paa la nyumba ya pili, anagonga misumari.

Majirani walijua. Nadhani walijua wote. Hakuna aliyesema, na huo mji wenu mnaouogopa ndio huohuo.

Mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto, nikaja kumwuguza. Homa ilipanda sana. Nikamvua kofia nimpanguse jasho, nikaliona shungi langu kichwani mwake. Maisha yote alikuwa akiniita mpwa wangu. Siku hiyo alinitazama akasema, "Irudishe, mwanangu."

Nikairudisha. Baada ya siku chache tulimzika, nami nikalia kilio cha mpwa, kwa sababu mama alinikazia macho kule upande wa pili wa kaburi. Kisha mama naye akaondoka, na siri ikabaki kwangu kama mfupa wa samaki kooni. Ukiuzoea unajifunza kumeza pembeni yake.

Watu wanaliogopa neno mtoro. Mimi neno ninaloliogopa ni mjomba. Kaburi lile halina jina hadi leo. Mimi ni mzee sana sasa na nataka baba yangu arudishiwe ubaba wake nikiwa hai. Ukuta wao waufanye hata wa kuanikia nguo, mimi sijali.

Baba yako mkubwa nimemwita kesho. Kofia ndiye aliyemfundisha kushika nyundo, akiwa mtoto hata hajaanza shule. Atanisikiliza amekaa chini, kama zamani.

Umefanya vizuri kuniandikia. Presha yangu haikupanda. Nilikula.

Bibi yako


Jumanne, 14 Aprili

Mama Bosi mwanangu,

Bibi yako amenieleza. Alinikalisha kwenye kile kigoda cha jikoni, na mimi na tumbo langu hili. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Namkumbuka. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba namkumbuka na sikujua kwamba namkumbuka. Alikuwa ananipandisha juu ya paa, ananifunga kamba kiunoni, ananiambia msumari haupigwi kwa hasira, utapinda. Nilipofungua duka watu waliniuliza biashara hii umeipata wapi, nikawa nasema nimeianza tu mwenyewe.

Ile barua niliyokuandikia kwa ukali, sikuwa naujua mwaka wa mama yangu kuzaliwa. Yaani naujua, ila sikuuweka pamoja na ile tarehe. Ungeniacha ningesimama pale na suti.

Nilikwenda kwenye kikao siku ya Alhamisi, kabla fundi hajaanza kuchonga. Niliwaambia yule aliyeuawa si wetu, afutwe kwetu, na kwamba kuna watu wengine wa wilaya hii ambao ni wa kwao, watafutwe. Mwenye kinu akajiegemeza kwenye kiti. Unajua anavyoegemea. Akauliza, "Basi wenu alifia wapi?"

Nikamwambia, "Kitandani kwake, binti yake anampangusa jasho."

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Mzee mmoja wa upande wa dirisha, nyumba yao ni ya zile nilizokutajia, alisimama akaja akanishika mkono, akatoka nje bila kuaga. Nafasi ya kuzungumza siku ya uzinduzi nimeirudisha. Biashara bado ipo. Leo nimeuza bawaba sita na hakuna aliyeniuliza habari ya mizani.

Sasa jambo moja. Nimemwagiza fundi wa mawe jiwe la kaburi. Jina ninalo, baba wa nani ninajua. Anataka maneno ya chini yake. Mimi nilimwandikia "Askari", nikaona ni heshima. Bibi yako amekataa, akasema aulizwe aliyemtoa kwenye sanduku la nyaraka, yaani wewe.

Kwa kumwandikia mama yangu bila ruhusa yangu bado sijakusamehe. Mlete Bosi, tutazungumza.

Baba Mkubwa wako


Jumapili, 19 Aprili

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Tunakuja mwisho wa mwezi, nimeshaomba likizo kwa mwenye cherehani. Alinuna, akanipa. Bosi ameota jino na ananing'ata, kwa hiyo jihadhari na vidole.

Yule shujaa mfupi nimemwachia mama mtunza nyaraka. Ameandika kikaratasi akakibandika kwenye ubao wa mlangoni, pale wanaponyang'anyia kalamu, kwamba anayemtafuta mtu wa jina hilo mwenye kovu gotini amwone yeye. Wakija watamkuta.

Kuhusu jiwe. Usiandike askari. Hilo ni jina walilompa wao, na hata wao walilifuta wakaandika jingine. Mtoro pia usiandike, si kwa aibu, ila ni la kwao vilevile. Kaburi si lao.

Mwambie fundi achonge jina lake lote. Chini yake aandike kwamba ni baba wa Bibi, na jina la Bibi lote, herufi zilingane na zake. Nafasi itakayobaki achonge neno moja tu: Alirudi.

Na mwenye kinu akipita pale akauliza alirudi kutoka wapi, mwambie akawaulize waliompeleka.

Mwanao,
Mama Bosi